Chelezo cha mashine: mabomba, mapipa au mianzi?

Mkulima wa mwani amechoka kuvuta magunia yaliyolowa kwenye maji ya kiunoni. Kijana anataka kuvua mshipi ndani ya Ghuba ya Mikindani bila kukodi mtumbwi wa mtu kila siku. Mwenye vyumba vya wageni Lindi anataka kuwapitisha wageni wake pembezoni mwa mikoko ya Mto Lukuledi. Wote watatu huishia kwenye wazo moja: chelezo chenye mashine, yaani jukwaa la mbao juu ya vitu vinavyoelea, na mashine ndogo tezini, yaani nyuma. Boti ya faiba ina bei yake. Mtumbwi nao unataka mtu aliyekua nao. Mpandishe mgeni wa bara anayesimama kupiga picha, mtaogelea wote.

Jukwaa lenyewe halisumbui, seremala yeyote atakutengenezea. Kinachowakwamisha watu ni cha chini yake. Hapa kwetu machaguo yanayopatikana kirahisi ni matatu: mabomba ya PVC yaliyozibwa ncha, mapipa ya plastiki ya lita 200 (au madumu ya lita 20 kwa asiyepata mapipa), na mianzi.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane juu ya maji. Chelezo ni chombo cha ghuba, cha mkono wa bahari na cha ziwa. Mikindani ghuba imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake ni mwembamba. Ndani ya Ghuba ya Lindi, upande wa mto, napo pana maji ya kufaa. Ukishatoka nje ya rasi, hasa miezi ya kusi, upepo wa kusini, hakuna chelezo cha kienyeji ninachokipendekeza hapa. Njia za vivuko, Lindi na Kitunda au Mtwara na Msangamkuu, pamoja na mkondo unaoingiza meli bandarini Mtwara, si mahali pa kuzimikiwa mashine.

Vigezo nitakavyotumia ni vitano: uzito unaobebwa, kinachotokea kikitoboka, namna kinavyopokea mashine, kinavyovumilia jua na chumvi, halafu ufundi na pesa. Kigezo cha pili nakipa uzito kuliko vyote, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Uzito

Hesabu yake ni rahisi. Kila lita inayozama chini ya maji hubeba karibu kilo moja. Maji ya bahari huongeza gramu kama 25 juu yake. Toa uzito wa kitu chenyewe, kinachobaki ndicho chako.

Chukua mfano wa watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, mashine ndogo ya kilo 17, mafuta na tangi kilo 10, jukwaa na fremu kilo 70, mizigo kilo 50. Jumla ni karibu kilo 290. Usijenge cha kubeba kilo 290. Jenga chenye uwezo mara mbili yake, ili nusu ya uwezo ibaki juu ya maji ikisubiri wimbi, mtu wa tatu, na gunia ambalo hukulipanga.

Bomba la milimita 160, wengi huliita la inchi sita, likiwa na urefu wa meta 6 lina ujazo wa lita 120 kwa nje. PVC yenyewe ni nzito kuliko maji, na bomba hilo lina kilo 16 hivi kutegemea unene, kwa hiyo unabaki na kilo 100 na ushei. Sita zinatosha kwa mfano wetu, tatu kila upande. La milimita 110, la inchi nne, hukuachia kilo 48 tu, maana yake dazeni nzima ya mabomba na ncha 24 za kuziba. Kila ncha ni mahali pa kuvujia. Kwa sababu hiyo peke yake ningelipa zaidi nipate mabomba manene machache.

Pipa la lita 200 lina kilo 8 hadi 10, hivyo mapipa manne yanatoa zaidi ya kilo 750. Hapa mapipa hayana mpinzani. Madumu ya lita 20 yanafika pia, ila utahitaji thelathini na ushei, na kuyafunga ni kazi ya subira.

Mwanzi mkavu wa meta 6 wenye unene wa sentimita tisa au kumi hukupa kilo 20 hadi 25. Ukiwa mbichi hupungua sana. Hesabu mianzi 25 hadi 30, uifunge tabaka mbili, na bado utakaa karibu na maji kiasi cha kulowa makalio.

Kikitoboka

Watu huogopa jiwe. Kwa mabomba, adui wa kwanza ni kiungo cha gundi, na wa pili ni jua likishirikiana na maji ya baridi.

Bomba lililozibwa pande zote likilala mchangani saa saba mchana, hewa ya ndani inaweza kufika nyuzi 60. Shinikizo hupanda kwa karibu sehemu moja ya kumi, na hewa hutafuta tundu la kutokea, hata la sindano. Ukilisukuma majini kwenye nyuzi 27, hewa iliyobaki husinyaa na bomba hufyonza maji kupitia tundu lilelile. Kesho tena. Baada ya wiki kadhaa chelezo kinainama upande mmoja na hakuna anayeona ufa popote.

Tiba zipo, na hapa mabomba yana faida ambayo wauzaji wa mapipa hawaitaji: unaweza kulijaza bomba kabla ya kuliziba. Chupa tupu za maji za nusu lita, vifuniko vikiwa vimekazwa, hupenya tatu tatu ndani ya bomba la milimita 160. Zikijaa kuanzia ncha hadi ncha, karibu theluthi ya uwezo wa bomba inabaki hata maji yakiingia. Chupa hizo zimejaa kila mtaa, hazina gharama, na ni bora kuliko sponji ya godoro, ambayo hunywa maji na kukuongezea uzito.

Tiba nyingine ni vali ya tyubu ya baiskeli kwenye kila kifuniko. Unaweka hewa kidogo, unapaka povu la sabuni kwenye viungo, unaangalia mapovu. Nasema kidogo: pumzi chache za pampu ya mkono, basi. Usipeleke bomba la PVC kwa fundi wa tairi likajazwe kwa kompresa. Plastiki hii ikipasuka kwa hewa hurusha vipande vyenye makali, na macho hayana spea.

Mapipa ni habari tofauti. Plastiki yake ni nene na laini kiasi; ukigonga tumbawe hubonyea, mara chache hupasuka. Udhaifu uko kwenye vizibo. Chagua pipa lenye matundu mawili madogo ya kukaza kwa uzi juu, si lile linalofunguka mdomo wote na kubanwa kwa pete. Lilaze vizibo vikitazama sehemu ya juu, na uvikaze kwa mpira na utepe wa fundi bomba. Shida ni kwamba pipa likijaa, umepoteza robo ya chelezo kwa mara moja, na robo hiyo ni kona. Jukwaa linainama, mizigo inateleza kwenda kona ileile, na mashine inaweza kunyanyuka majini. Huwezi kulijaza chupa, tundu lake ni dogo. Ndiyo maana napendelea mapipa sita mahali ambapo hesabu inasema manne.

Madumu hapa yanaonyesha ubora: ukipoteza moja umepoteza kilo 20, na pengine hutajua mpaka jioni. Ila plastiki yake ni nyembamba na kifuniko chake hakikutengenezwa kukaa majini.

Mwanzi umegawanywa vyumba na Muumba mwenyewe. Kila pingili ni chumba, na ukuta wa fundo ni mgumu. Ufa kwenye pingili moja haugusi nyingine. Hauzami ghafla. Hunywa maji polepole, mwezi hadi mwezi, mpaka siku unagundua kwamba chelezo kilichokubeba wewe na mkeo sasa kinakubeba wewe peke yako.

Kikifungwa mashine

Mabomba marefu membamba hukata maji. Yafunge matatu matatu, uache nafasi ya meta moja hivi katikati, mashine ya nguvu za farasi 2 hadi 5 itakupeleka kwa mwendo mzuri bila kunywa mafuta. Ncha za mbele ziwekewe elbo ya nyuzi 45 ikitazama juu kabla ya kifuniko, ili chelezo kipande wimbi badala ya kulichimba. Usitoboe bomba kwa bolti hata moja. Funga kwa mikanda kila baada ya meta moja, na kati ya mkanda na bomba weka kipande cha tyubu ya gari. Mtikisiko wa mashine husaga plastiki kama msasa.

Mapipa yana uso butu. Yanasukuma maji, hayayakati. Ukiweka mashine ya farasi 15 hupati mwendo mara tatu. Unapata povu kubwa mbele, omo (sehemu ya mbele) linalotaka kuzama, na bili ya mafuta. Ubao wa mshazari mbele ya safu ya kwanza husaidia. Tegemea mwendo wa mtu anayetembea, labda anayetembea akiwa na haraka.

Mianzi ni mizito kusukuma kwa sababu karibu chelezo chote kimezama. Kwa pondo na kasia inapendeza. Kwa mashine inawezekana, lakini fremu lazima iwe ya mbao ngumu peke yake na isitegemee kamba, la sivyo mtetemo utalegeza vifungo vyote kabla hujafika.

Mambo mawili yanahusu aina zote. Mashine za boti huja na shafti fupi, kama sentimita 38, na ndefu, kama sentimita 51. Pima kutoka pale utakapoifunga hadi chini ya vitu vinavyoelea, si hadi usawa wa maji. Bamba lililo juu ya panga, yaani pangaboi la mashine, linatakiwa kuwa chini kidogo ya hapo. Watu hununua ya shafti fupi kwa sababu imepatikana kwa bei nafuu, kisha panga linazungusha hewa. La pili ni uzito wa tezi: mashine, tangi na nahodha wote wakikaa nyuma, mbele kunanyanyuka. Ongeza mkono wa usukani, nahodha asogee katikati, tangi liende mbele.

Mashine ya umeme ya volti 12 inavutia kwa wageni wa mikoko, kwani haitishi ndege. Zile za wastani huvuta kama ampea 50 zikifunguliwa zote. Betri ya kawaida ya ampea saa 100 usiimalize kupita nusu, kwa hiyo una saa moja ya kasi kamili, na zaidi ya mara mbili yake ukienda taratibu. Kwa mabomba inafaa. Kwa mapipa yenye mzigo utarudi kwa kasia. Na wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka meta tatu na zaidi na mkondo ukitoka ghubani kwa nguvu, usiitegemee kabisa kupigana nao. Panga safari ufuate maji: toka yakipwa, rudi yakijaa.

Jua na chumvi

PVC hailiwi na chumvi, ila jua huifanya kavu na rahisi kuvunjika. Rangi nyeupe ya maji, mikono miwili, inalinda na pia inapunguza lile joto la ndani nililolieleza. Bomba la maji safi lenye ukuta mnene huishi zaidi ya la maji taka jembamba. Yako pia mabomba meusi ya poli yanayotumika kwenye miradi ya maji: yanavumilia jua, yenyewe ni mepesi kuliko maji, na huunganishwa kwa kuyeyushwa badala ya gundi. Ukimfahamu fundi mwenye mashine ya kuyachomea, soma sehemu zote za mabomba hapa juu ukiondoa wasiwasi nusu.

Mapipa ya buluu yanavumilia miaka. Angalia lilibeba nini. Kusini hii ya mikorosho, mapipa mengine yalikuwa na viuatilifu. Lioshee nchi kavu, mbali na kisima na mbali na bahari, na kama harufu haitoki liache.

Mianzi baharini ina wadudu watobozi, walewale wanaokula mitumbwi. Wazee walipaka mashua sifa (mafuta ya papa), na chini ya maji deheni (mafuta yaliyochanganywa na chokaa). Unaweza kufanya hivyo, na kukianika chelezo mara kwa mara, lakini bado utabadilisha mianzi mara nyingi kuliko ulivyopanga. Kwenye maji baridi, Ziwa Rutamba kwa mfano, hali ni ya unafuu.

Na chochote utakachochagua, bolti za kawaida za madukani zitaanza kutu mapema. Tumia za stenlesi pale panaposhikilia mashine, angalau pale.

Ufundi na pesa

Sitaki kuandika bei, zitabadilika kabla hujafika dukani. Mpangilio ndio muhimu. Mianzi ndiyo nafuu kuanza na ghali kwa jasho. Mapipa yaliyotumika yanafuata, na yanahitaji ufundi mdogo: fremu ya mbao, mikanda au kamba ya nailoni, umemaliza. Mabomba ndiyo ghali, na kinachoshangaza watu ni vifuniko na elbo, ambavyo vikijumlishwa vinaweza kukaribia bei ya bomba lenyewe. Piga hesabu ya viungo kabla ya mabomba.

Gundi ya PVC inataka usafi. Piga msasa, futa vumbi na mafuta, paka pande zote mbili, ingiza kwa kuzungusha kidogo, shikilia, kisha acha usiku kucha bila kugusa maji. Fundi bomba mwenye haraka ni mzuri kwa choo. Kwa chelezo mtafute mwenye subira. Usafiri pia: mabomba ya meta 6 juu ya guta yanahitaji kitambaa chekundu nyuma na mtu wa kuyashika, wakati mapipa unayaviringisha.

Kulingana na hali yako

Mkulima wa mwani, mzigo mzito, safari fupi ya kutoka shambani hadi ufukweni: mapipa, na yawe sita. Mwendo haukuhusu. Jukwaa likae chini ili gunia lipande bila kunyanyuliwa sana, na mashine ndogo iweze kuinuliwa haraka, kwa sababu kamba za mwani na panga hazipatani.

Mvuvi wa mshipi anayevuka ghuba kila siku na anayehesabu kila lita ya mafuta: mabomba ya milimita 160 yaliyojazwa chupa. Gharama ya mwanzo itauma, lakini mafuta utayanunua kila siku na mabomba mara moja. Leseni ya uvuvi ya halmashauri inakuhusu kama inavyomhusu mwenye mtumbwi.

Mwenye wageni wa mikoko: mabomba na mashine ya umeme ukiweza, mapipa na mashine ndogo ya petroli kama wageni ni wengi. Hapa kuna zaidi ya uundaji. Ukibeba watu kwa malipo, chombo kinatakiwa kikaguliwe na kusajiliwa, na hilo liko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Nenda kaonane nao ukiwa na mchoro, kabla hujanunua vifaa, kwani wanaweza kukutaka ubadilishe kitu. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea, lililovaliwa, si lililokaliwa. Ukifikiria upande wa Msimbati kuelekea mdomo wa Ruvuma, ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo ruhusa ya hifadhi inahitajika pia.

Kijana asiye na mtaji anayetaka kujifunza: mianzi ukiongeza madumu pembeni, kwa pondo na kasia, kwenye maji ya kiunoni. Mashine ije baadaye, ukishajua chelezo chako kinainama vipi. Usikate mikoko kutafuta fremu. Huo ni msitu unaolindwa, na mbao za mnazi zipo.

Anayetaka kupandisha Mto Ruvuma wenyewe: hakuna kati ya hivi vitatu. Mto ule una mamba na viboko, na jukwaa lililo karibu na maji linakuweka usawa wao. Tafuta chombo chenye ubavu.

Na kama bado umekwama kati ya mapipa na mabomba, jenga jukwaa kwanza. Fremu ileile ya meta 4 kwa 2 inapokea vyote viwili ukiacha nafasi ya mikanda. Azima mapipa manne kwa jirani, yafunge, subiri maji mafu (siku ambazo maji hayapandi wala kushuka sana), pakia viroba vya mchanga hadi kilo 290, kisha uache chelezo kikiwa kimetia nanga usiku mmoja palipo na kina kidogo. Weka alama ya chaki kwenye kila pipa pale maji yalipofika. Asubuhi angalia zile alama nne kabla hujampigia simu mwenye mashine.